Kidonda Kilichokuwa na Jina Langu

Vijana mnaoanza kazi ya afya, nianze na jina, maana kosa langu lilianzia hapo. Ukoo wetu ni Mwakilonda. Kilonda kwa Kinyakyusa ni kidonda. Babu wa babu yangu alikuwa na donda mguuni lililokataa kupona, watu wakamwita kwa hilo donda, na sisi tuliofuata tukarithi jina bila mguu. Nilipoanza kutibu watu, wagonjwa walicheka: mtu anaumwa kidonda, anatibiwa na mtoto wa Kidonda. Nami nilicheka nao. Sikujua kwamba siku moja jina hilo lingemzuia mgonjwa mmoja asinifikie.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikaenda chuo cha waganga wasaidizi wa vijijini, nikarudi Rungwe na koti jeupe lililokuwa refu kuliko elimu yangu. Watu wakaniita daktari. Ningeweza kuwasahihisha. Sikuwasahihisha, kwa sababu lilikuwa jina zuri na lilinikaa vizuri kuliko lile koti.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ya Matwebe, chini ya tabibu mkongwe, Mzee Asajile. Huyu alikuwa na ndoo ya maji ya moto pembeni ya meza hata siku ambazo hatukuwa na dawa ya kumpa mtu. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Alikuwa anatumbukiza mikono kwenye yale maji, anaifuta, ndipo anamgusa mgonjwa. Alisema mgonjwa akishtuka kwa ubaridi wa mkono wako, tumbo linakaza, na ukweli nao unakaza. Kwenye mfuko wa koti alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea, ingawa ndevu hakuwa nazo. Mwanamke akija na tatizo la huko chini akaona haya, Mzee Asajile alimpa kile kioo, akanivuta nje, tukasimama kwenye ukungu huku mwanamke akijitazama mwenyewe. Akituita ndani, alikuwa na la kusema: kuna kipele upande wa kushoto, kuna weupe, kuna kidonda. Baada ya hapo ndipo mzee alimwomba ruhusa aangalie na yeye, mkunga akiwepo.

Mimi niliona tunapoteza muda. Nilipohamishwa kituo niliondoka na mwandiko wake wa haraka, kioo nikakiacha.

Wakati mwingine shida haikuwa haya, ilikuwa lugha. Aliwahi kuletwa muuguzi kutoka Tanga, binti hodari, Kiswahili chake kimenyooka. Akaja bibi mmoja kutoka Lufingo, akamwambia anaumwa pasi. Kwetu pasi ni chini. Muuguzi akamhurumia, akampa mafuta ya kuungua, akamuusia awe anaangalia moto wa mkaa wakati wa kunyoosha nguo. Bibi yule hakuwahi kumiliki pasi maisha yake yote. Akashukuru, akaenda zake na mafuta, akayapaka alikojua yeye. Tulicheka kwa muda mrefu. Tulimcheka muuguzi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza yule bibi alikuwa anaumwa nini.

Kisha likaja soko huria. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, kwa hiyo hamwezi kujua ilivyokuwa kuona sabuni za aina tatu kwenye rafu moja. Mitumba ikaingia, bidhaa za Malawi zikapanda kutoka Kyela, hospitali zikaanza kutaka watu wachangie matibabu, na serikali ikagundua kwamba ina wafanyakazi wengi kuliko inavyohitaji. Katika waliozidi nilikuwemo. Nilipewa mkono wa kwaheri, nikafungua duka la dawa baridi pale Tukuyu mjini, karibu na wauza ndizi. Jana yake nilikuwa mtumishi wa umma niliyepunguzwa, siku iliyofuata nilikuwa mfanyabiashara. Koti lilikuwa lile lile.

Duka lile lilinipa heshima kubwa na likaniharibia kazi. Kaunta ya duka la dawa inamkata mgonjwa kiunoni. Unaona kichwa, mabega na mkono unaokupa pesa, na nusu iliyobaki unaibuni. Zaidi ya hapo, wagonjwa wengi hawakuja wenyewe, walituma mtu. Mtoto wa darasa la tatu anakuja anasema, "Mama anaumwa," nami namuuliza wapi, anashika popote. Nikampa dawa ya popote. Nilikuwa na krimu mpya kutoka nje, zenye tyubu za rangi, zinazodai kutibu fangasi, mba, upele na ukurutu kwa mpigo. Dawa inayotibu kila kitu ina faida moja kubwa: haikulazimishi kujua mtu anaumwa nini.

Sasa nije kwa Tupokigwe.

Tupokigwe ni mke wa mwanangu Lusajo, aliyekuwa dereva wa gari la kukusanya majani ya chai. Waliishi katika uwanja wetu Lufingo, nyumba yao upande wa pili wa jiko. Wale msio wa huku lazima niwaeleze: kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Tunaita ukutila, yaani kuogopa kwa heshima. Hanitazami, simtazami. Akinisikia nakohoa njiani, anaingia migombani mpaka nipite. Chakula alichopika yeye kinanifikia kwa mkono wa mke wangu. Na jina langu halitaji, wala neno lolote linalofanana nalo. Wengi wameshaacha. Sisi tulikuwa Wakristo wa miaka mingi na bado tuliishika, kwa sababu ilikuwa na adabu ndani yake na hakuna aliyekuwa ameona madhara yake.

Ningependa mcheke hapa, maana mimi ndiye niliyekuwa naenda kwenye mikutano ya kijiji, Kyimo na kwingineko, kuwahutubia watu waache haya katika mambo ya afya. Nilisema mwili hauna sehemu ya aibu. Watu walipiga makofi. Nikirudi nyumbani nilikohoa kwenye kona ya nyumba ili mkwe wangu akimbie.

Basi Tupokigwe akaanza kuwashwa. Hakuja dukani, na asingeweza kuja. Alimwambia mke wangu, Mama Lusajo, na mke wangu akaniambia mimi jioni nikila. Nikasema ni fangasi. Nikampelekea dawa ya zambarau. Kuwasha kukaendelea. Nikapeleka krimu mojawapo ya zile za tyubu, kukatulia, nikasifiwa. Ikirudi napeleka nyingine. Mke wangu aliwahi kutaja kwamba mtoto, ndivyo alivyomwita mkwe wetu, anasema ngozi imekuwa nyeupe na nyembamba, kama utando wa yai. Nikajibu kuwa hiyo ni krimu inafanya kazi. Leo kila muuguzi anajua kwamba ngozi ya hapo ikiwa nyeupe na nyembamba na inawasha mwaka hadi mwaka inahitaji macho ya daktari na ufuatiliaji, kwa sababu wachache kati ya hao huja kupata kansa. Mimi nilikuwa naijibu ngozi nikiwa mezani, kijiko mkononi.

Miaka ikapita hivyo. Siku moja mke wangu akaleta ujumbe mpya: pamechubuka.

Mchubuko ni jambo dogo. Nikatuma poda. Baada ya muda akarudi: bado pamechubuka, na panatoa maji. Nikatuma poda nyingi zaidi. Baadaye ikaja kwamba panatoa damu kidogo akijisaidia. Hapo nikashtuka, lakini nikashtukia mahali pasipostahili. Nikaamua ni kaswende. Nikamwita Lusajo dukani, nikafunga mlango, nikamwambia avue. Aliapa kwamba hajatembea na mwanamke mwingine. Nikamwambia kila mwanamume aliyewahi kusimama pale alisema hivyo hivyo, nikamchoma PPF, penisilini ya nguvu. Akaondoka akichechemea kurudi kwenye gari lake. Alikuwa amesema kweli. Wakati ule watu walikuwa wanaogopa ukimwi kuliko kitu chochote, kwa hiyo tayari majirani walianza kunong'ona, na mimi, kwa sindano yangu, nikawapa la kunong'ona.

Aliyefumbua jambo lile ni mke wangu. Alikuja barazani siku ya Jumapili baada ya ibada, hakukaa. Akaniambia amechoka kuwa mdomo wa watu wawili. Asubuhi ile alikuwa amemwomba Tupokigwe alale karibu na dirisha, akamwangalia mwenyewe.

"Ana kidonda," akasema. "Si mchubuko. Kidonda, Baba Lusajo, kama jina lako. Ndiyo maana mtoto hakuweza kulisema."

Muda wote mkwe wangu alijua alichonacho. Alikuwa mwanamke mwenye akili timamu na kidonda kisichopona, na katika lugha mbili alizozijua, neno la kidonda lilikuwa mimi. Kilonda ni jina langu lenyewe, na kidonda kinafanana nalo mno. Akatafuta neno la karibu lisilo na ubaya, akapata kuchubuka. Na mimi, mtaalamu, niliyelilia heshima ya jina langu, nikaipokea heshima hiyo na nikaijibu kwa poda.

Mnaweza kusema hiyo ni hadithi ya Wanyakyusa, nyinyi haiwahusu. Haya. Kila kabila nililofanya nalo kazi lina neno lake la kuchubuka. Kuna wanaosema tumbo, kuna wanaosema mkojo, kuna wanaosema mgongo wa chini. Kazi yenu si kulifurahia neno la adabu. Ombeni mwonyeshwe.

Mke wangu hakunisubiri nitoe ushauri. Alimpeleka Mbeya, hospitali kubwa, na huko kulikuwa na daktari mwanamke wa upasuaji, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alikata kinyama kidogo pembeni ya kidonda, kikapelekwa kuchunguzwa. Walipima na damu pia, ukimwi hakuwa nao, na kaswende hakuwa nayo, jambo lililomfurahisha Lusajo kwa namna ya pekee. Majibu ya kinyama yalichukua wiki kadhaa kama ilivyokuwa siku zile. Yalipokuja, ilikuwa kansa, ya ngozi ya nje ya uke, upande mmoja. Daktari akasema anataka kukata mapema. Wakarudi Lufingo kujiandaa.

Hapa sasa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa la kitaalamu zaidi. La kwanza nilisema si kitu. Sasa nikageuka, nikasema ndiyo mwisho. Mke wangu alikuwa ameniambia kwamba kinenani kuna mtoki, uvimbe unaoshikika. Nami nilikuwa nimesoma chuoni, nusu ukurasa, kwamba kansa ikifika kwenye mitoki mambo ni mabaya. Nilikuwa pia nimesikia, na nimesema mara nyingi mbele ya watu, kwamba kansa ikiguswa na kisu inakasirika na kusambaa. Sikumbuki nani aliniambia. Nadhani ni mgonjwa.

Nikamwita mke wangu barazani, nikamwambia kwa sauti ya daktari: amwambie mtoto asiende. Watamkatakata bure, atakufa mbali, watoto hawatamwona. Bora akae nyumbani, nitamtafutia dawa za maumivu, amalizie siku zake kwa amani. Nilisema vizuri sana. Nilijisikia mwenye hekima na huruma, nikaona hata machozi kidogo yananitoka.

Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho. "Nitamfikishia," akasema, akaelekea jikoni.

Kesho yake asubuhi Tupokigwe alikuwa amekwenda. Lusajo alimsindikiza hadi barabarani, mvua ikinyesha. Mimi nikanuna. Nikaona watoto wa siku hizi hawasikii wakubwa. Sikuweza kumuuliza mwenyewe kwa nini amenikaidi, kwa sababu ya desturi yetu nzuri.

Baada ya upasuaji nilikwenda Mbeya na Lusajo. Yeye aliingia wodini, mimi nikabaki kwenye varanda, maana siwezi kuingia alipo mkwe wangu. Yule daktari akanikuta, akaona namna nilivyokuwa nasoma bango la ukutani, akauliza kama nami ni mtu wa fani. Nikasema ndiyo, kwa kiasi. Akafurahi, akanieleza kama mwenzake. Nami nawaeleza ninyi kama alivyonieleza, kwa sababu sijawahi kusikia mtu anayelielezea vizuri kuliko yeye.

Alisema kansa ya mahali pale mara nyingi ni ya mabibi, ila haisomi umri, na kwa mwanamke mwenye virusi vya ukimwi inaweza kuja mapema zaidi. Haina haraka kama nyingine. Inakaa kwenye ngozi, mahali ambapo mkono unafika na jicho linaona, na bado watu wanaipa miaka. Tiba yake kuu ni kisu: kukata kidonda chenyewe pamoja na ukingo wa ngozi nzima kukizunguka, na kuondoa tezi za kinena, kwa sababu huko ndiko inakopita kwanza ikianza safari. Tezi zikikutwa na kansa, mgonjwa apelekwe Dar es Salaam akachomwe mionzi. Na hatima ya mgonjwa inategemea hizo tezi kuliko kitu kingine. Zikiwa safi, wengi wanaishi, wanaendelea na maisha. Zikiwa nayo, hesabu inabadilika, hasa zikiwa nyingi, ingawa hata hapo si kwamba mtu amehukumiwa.

Nikamwambia, kwa sauti ya kitaalamu, kwamba huyu alikuwa na mtoki unaoshikika kabisa.

"Mtoki si jibu," akasema. "Kidonda kichafu nacho kinavimbisha tezi. Nimezitoa, nimezipeleka. Tusubiri zisemwe na darubini."

Kisha akaniuliza nani alikuwa anamtibu mgonjwa huyu kwa poda na krimu miaka yote ile. Nikamwambia ni mtu mmoja wa duka la dawa, Tukuyu. Akasema watu kama hao wanapaswa kufungwa. Nikamuunga mkono. Nilisema hata kwa hasira, naona.

Tulisubiri. Sitaki kuwadanganya kwamba upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi. Siku zile walikata pakubwa kuliko wanavyokata leo. Sasa nasikia wakiwahi wanachukua upande mmoja tu, na wakati mwingine wanapima tezi ya kwanza peke yake. Kwa Tupokigwe, kidonda cha kinenani kilifumuka, kikabaki wazi, kikasafishwa kila siku hadi kikafunga kutoka chini kwenda juu. Mguu wa kushoto ulivimba na haukurudi tena kuwa kama mwenzake. Alijifunza kuufunga bandeji kila asubuhi kabla hajashuka kitandani, na kuunyanyua akipumzika. Alijifunza upya kukaa na kujisaidia. Kuhusu mambo ya ndoa, daktari alimwita Lusajo akaongea nao wote wawili pamoja, mlango umefungwa, na mwanangu alitoka, akaenda kununua mto laini wa kukalia. Naona alielewa. Mkifanya kazi hii msisahau kumwita mume. Wengi wanaachwa si kwa sababu ya kansa, ni kwa sababu hakuna aliyemweleza mwanamume kitu.

Majibu ya tezi yakaja. Zote zilikuwa safi. Ule mtoki wangu wa mwisho wa dunia ulikuwa uvimbe wa uchafu wa kidonda, ambao dawa ya kawaida ingeutuliza.

Alirudi Lufingo wakati wa kuvuna viazi. Siku chache baadaye mke wangu aliniwekea mezani jogoo mzima aliyekaangwa, akasema ametoka kwa Tupokigwe, pamoja na salamu. Nikauliza salamu gani. Akasema mtoto anatoa ndaga, yaani shukrani, nyingi kwa baba, kwa kuwa baba ndiye aliyesema aende akakatwe bila kuogopa.

Nilishika paja la jogoo, likabaki njiani. Nikamtazama mke wangu.

"Ujumbe wako niliufikisha," akasema. "Ila kutoka hapa barazani hadi jikoni kulikuwa na mvua, ukalowa."

Kisha akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikasema imetosha. Nikamla yule jogoo, nikiwa nimeshukuriwa kwa ushauri ambao sikuutoa, na mwenye ushauri akiwa ananiongezea mchuzi. Ningeweza kusema ukweli siku ile, au mwaka uliofuata. Lakini sifa zikaanza kutembea. Kanisani walisema Mwakilonda alimwokoa mkwe wake kwa kumhimiza kwenda Mbeya. Wanawake wakaanza kuja dukani wakisema wanataka kuelekezwa kwa yule daktari, na mimi nikawaelekeza, nikawa naelekeza vizuri sana. Niliacha kuuza krimu kwa mtu niliyetumiwa ujumbe. Nilinunua kioo, nikaweka pazia nyuma ya duka, nikamwomba mkunga mstaafu awe anakuja. Kwa hiyo ule uongo wa mke wangu ulinifanya mtabibu bora kuliko chuo kilivyoweza, jambo ambalo sijui walimu wangu wangelichukuliaje.

Tupokigwe alikuwa anarudi Mbeya kuangaliwa, mwanzo mara kwa mara, kisha kwa nafasi. Kansa hii hupenda kurudi pale pale ilipotolewa, na ikiwahiwa inakatwa tena. Aliwahi kukatwa kidogo mara ya pili, akarudi nyumbani upesi. Hakuwahi tena kuniletea neno mchubuko. Mambo yake aliyapeleka kwa daktari mwenyewe.

Tulikaa hivyo miaka mingi. Mimi nakohoa konani, yeye anaingia migombani, polepole sasa kwa sababu ya mguu, na mimi nasimama kumsubiri amalize kunikimbia.

Mwaka juzi mke wangu alifariki. Alilala akiwa mzima, hakuamka. Matanga yalipoisha na wageni kuondoka, nikawa nimekaa barazani peke yangu, nikagundua kwamba ndani ya uwanja ule tulibaki watu wawili ambao hatujawahi kuzungumza. Lusajo yuko Kyela kwenye kazi, wajukuu wako mashuleni na makazini. Na mdomo wetu tulikuwa tumeuzika.

Niliisikia hatua yake, mguu mmoja mzito. Alikuja na chai, akaiweka kwenye kizingiti, akanigeuzia mgongo, akabaki amesimama. Kitenge kilikuwa kichwani. Nywele zilizojitokeza pembeni zilikuwa nyeupe, na mimi sikuwa na habari kwamba mkwe wangu amezeeka.

"Baba," akasema, "sasa itabidi tuseme wenyewe."

Nikasema ndiyo. Nikaona huo ndio wakati. Nikamwambia kuna neno la zamani nataka kulinyoosha, kuhusu safari ile ya Mbeya, kuhusu nilichomwambia mama amfikishie. Nilikuwa nimeliandaa miaka yote, lilikuwa na utangulizi.

"Nililisikia," akasema. "Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Ukuta ule ulikuwa wa mianzi, baba. Nilisikia ulivyosema nisiende, nikasikia na ulivyolia. Halafu mama akaingia akaniambia umesema niende."

Chai ilikuwa inatoa mvuke kati yetu. Nikamuuliza, kama alinisikia mimi daktari nikisema vile, kwa nini alimfuata mama.

Mgongo wake ulikuwa bado unanitazama.

"Mama alikuwa ameniangalia," akasema. "Wewe ulikuwa hujaniangalia."

Akaniambia ninywe chai kabla haijapoa, akaondoka.